Pesa ya Vitabu vya Sikukuu: Riwaya Yako au Kitabu cha Picha cha Mtoto?

Krismasi inapokaribia, au Ramadhani inapoelekea ukingoni, pesa ya nyumba hugombewa na mengi: nguo za watoto, viatu, nauli ya kwenda kwa bibi, mchele, nyama, na kwa wengi ada ya Januari iliyo njiani. Kitabu hupata kilichobaki, kama kipo. Ndiyo maana anayetenga hata kiasi kidogo kwa ajili ya vitabu anapaswa kujua kitamfikisha wapi.

Mimi ni msomaji wa riwaya tangu ujana, na msomeaji watoto tangu nilipopata wa kuwasomea. Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Pesa mpya ya sikukuu iende kwanza kwenye kitabu cha picha cha mtoto, kilichochapwa vizuri na kuandikwa kwa Kiswahili kinachosomeka kwa sauti. Riwaya ya mtu mzima inaweza kununuliwa ikiwa imetumika, kuazimwa, au kuchangiwa na ndugu na marafiki. Wengi wetu tunafanya kinyume: tunatoa fedha nzuri kwa riwaya yetu, kisha mtoto tunamwokotea chochote chenye rangi kali.

Hesabu iliyofichwa na bei ya jalada

Mzazi akishika kitabu cha picha chenye kurasa 24 na sentensi mbili kila ukurasa, mara nyingi hukirudisha rafuni. Anaona maneno machache na bei kubwa. Tufanye hesabu kwa bei za mfano. Tuseme kitabu cha picha ni shilingi 12,000 za Tanzania na riwaya ya kurasa 300 ni shilingi 15,000. Kwa ukurasa, kitabu cha picha ni shilingi 500 na riwaya ni shilingi 50. Kitabu cha mtoto kinaonekana ghali mara kumi.

Lakini hakuna anayesoma kwa ukurasa. Tunasoma kwa saa. Msomaji wa kasi ya kawaida akipiga kurasa 30 kwa saa, riwaya hiyo itamchukua saa 10, yaani shilingi 1,500 kwa kila saa ya kusoma. Kitabu cha picha husomwa kwa takriban dakika 10, ila mtoto wa miaka minne akikipenda atakidai leo, kesho na keshokutwa. Kikisomwa mara 60 kwa mwaka, jambo lisilo la ajabu kwa aliyeishi na mtoto wa umri huo, zinapatikana saa 10 zilezile, na gharama inashuka hadi shilingi 1,200 kwa saa. Wakiwa watoto watatu wamekaa mkekani wanasikiliza pamoja, gharama kwa kila msikilizaji inabaki shilingi 400. Mwakani anafuata mdogo wao, na kitabu ni kilekile.

Riwaya nayo ina njia yake ya kurudisha fedha, na njia hiyo ni kutembea. Nakala moja ikisomwa na mtu mmoja kisha ikafungiwa kabatini, imemgharimu shilingi 15,000. Ikipita kwa dada, kwa shemeji, kwa jirani na kwa mwalimu wa mtaani, wasomaji watano wamechangia shilingi 3,000 kila mmoja. Kwa hiyo thamani ya kitabu cha picha huongezeka kwa kurudiwa, na thamani ya riwaya huongezeka kwa kuazimishwa. Ukilijua hilo, utajua kipi cha kununua kikiwa kipya na kipi cha kutafuta kwingine.

Kwa nini kitabu chembamba kinauzwa hivyo

Bei ya kitabu cha picha ina sababu za haki. Riwaya huchapwa kwa wino mweusi peke yake, kwenye karatasi nyepesi. Kitabu cha picha huchapwa kwa rangi nne, yaani samawati, zambarau-nyekundu, njano na nyeusi, kila rangi na bamba lake, na karatasi yake lazima iwe nzito ili picha ya upande mmoja isionekane upande wa pili. Kurasa zake nazo hufuata mkunjo wa karatasi ya mtambo, ndiyo sababu vitabu hivi huwa na kurasa 16, 24 au 32, na si 19 wala 27.

Gharama nyingine ni ile inayolipwa kabla mtambo haujawashwa: mchoraji, mwandishi, mhariri, mpangaji wa kurasa. Tuseme kazi hiyo imegharimu shilingi milioni 6. Zikichapwa nakala 1,000, kila nakala inabeba shilingi 6,000 hata kabla ya karatasi na wino. Zikichapwa nakala 5,000, mzigo unashuka hadi shilingi 1,200. Mchapishaji wa Uingereza au Marekani hutumia mbinu zaidi: picha za kitabu kimoja huchapwa kwa pamoja kwa ajili ya nchi kadhaa, na kinachobadilishwa ni bamba jeusi lenye maneno ya kila lugha. Ndiyo maana kitabu kilichosafiri bahari nzima kinaweza kuuzwa Dar es Salaam au Nairobi kwa bei ya kukaribiana na kilichochorwa hapa. Wachapishaji wetu wanabanwa na udogo wa toleo, wala hatuna sababu ya kuwatuhumu uroho. Nchini Tanzania, Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanzishwa mwaka 1991 ulilishughulikia tatizo hilohilo kwa kununua sehemu ya nakala za vitabu vya Kiswahili na kuzipeleka shuleni, ili mchapishaji athubutu kuchapa nyingi.

Kwa msomaji wa Kenya kuna mzigo mwingine. Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2013 iliviingiza vitabu katika kodi ya asilimia 16. Kitabu ambacho kingeuzwa shilingi 500 kinakuwa shilingi 580. Ukinunua vitabu sita vya namna hiyo kwa ajili ya likizo, kodi peke yake imefika shilingi 480, karibu bei ya kitabu cha saba. Naona kodi hiyo ni kosa, na kila mzazi mwenye mbunge anayefikika amweleze hivyo.

Riwaya: ipi mpya, ipi ya mitumba, ipi ya kuazima

Kununua riwaya mpya kuna maana pale unapotaka kumpa mtu zawadi ya kudumu, au pale mwandishi na mchapishaji wanapostahili kuungwa mkono ili kazi nyingine itoke. Kwa zawadi, chaguo langu la kwanza ni *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi. Zanzibar ya miaka ya 1950, Yasmin aliyeozwa mume mzee, Denge na siasa zake, vyote vinakwenda kwa mwendo unaomfaa hata abiria wa basi la mbali. Amil Shivji aliitengenezea filamu mwaka 2021, na nyumba ambayo baadhi wamesoma na wengine wametazama hupata mazungumzo ya sikukuu bila kutafuta. Kwa mtu anayesoma taratibu, mpe *Peponi*, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis na kutolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Tuzo ya Nobel. Ni kitabu cha utulivu. Nisingempa anayetaka visa vya mbio. Huyo atafurahia zaidi riwaya za mpelelezi Willy Gamba za Elvis Musiba.

Unene wa kitabu usikuongoze. *Nagona* na *Mzingile* za Euphrase Kezilahabi ni vijitabu vyembamba, lakini vitamshughulisha msomaji mzito kuliko riwaya za kurasa mia tatu. *Rosa Mistika* ya mwandishi huyohuyo, iliyotoka mwaka 1971, husomwa haraka na huumiza moyo. Nampendekezea mzazi mwenye binti anayeingia ujana, aisome yeye kwanza, kisha waizungumze.

Vitabu vilivyotumika ndiyo nafuu kubwa ya msomaji wa mjini. Kwa wauzaji wa kando ya barabara, Posta Dar es Salaam au katikati ya Nairobi, hazina kubwa ni vitabu vilivyowahi kufundishwa shuleni, kwa sababu kila mwaka kuna wanafunzi wanaomaliza na kuvitoa. *Siku Njema* ya Ken Walibora, *Watoto wa Mama N'tilie* ya Emmanuel Mbogo, *Takadini* ya Ben Hanson, zote nimeziona zikiuzwa hivyo. Hasara yake ni mistari ya kalamu na majibu ya maswali pembeni. Faida ni kwamba riwaya haipungukiwi na utamu kwa mstari wa kalamu, na bei hujadilika. Kwa kijana wa miaka 13 aliye likizo, riwaya mbili au tatu za namna hii zitamfaa kuliko moja mpya ya kifahari.

Kuna chaguo moja ninalolikataa kabisa: nakala bandia. Utaitambua kwa jalada lililofifia, herufi zenye ukungu, kurasa zilizopinda, na gundi inayoachia ukifungua katikati. Bei yake huvutia, lakini mwandishi hapati hata senti, na mara nyingi kuna kurasa zimerukwa. Kama pesa haitoshi kununua halali, kitabu cha mitumba ni halali, na maktaba ni halali. Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam, ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967 na bado ina sehemu ya watoto. Kenya nayo ina mtandao wa maktaba za umma ulioasisiwa kisheria mwaka 1965.

Vitabu vya picha vya sikukuu: theluji, au safari ya kwa bibi?

Kila Desemba maduka hujaa vitabu vya Krismasi kutoka nje. Sina ugomvi na theluji. Mtoto wa Mwanza ana haki ya kuota theluji kama mtoto wa London alivyo na haki ya kuota simba. Swali la mnunuzi ni jingine: nani atakisoma kitabu hiki nyumbani, na kwa lugha gani? Mzazi au bibi anayekwama kwenye Kiingereza atasoma mara moja, kisha kitabu kitalala. Hesabu yetu ya mara 60 inakufa hapo.

Kwa kigezo hicho, vitabu maarufu vya nje havilingani. *The Snowman* cha Raymond Briggs, cha mwaka 1978, hakina neno hata moja. Hadithi nzima ni picha, kwa hiyo bibi yeyote anaweza kuisimulia kwa Kiswahili, Kichaga au Kidigo. Kwangu ndicho kitabu cha nje chenye thamani kubwa zaidi kwa nyumba zetu. *The Snowy Day* cha Ezra Jack Keats, cha mwaka 1962, kina sentensi fupi unazoweza kuzigeuza Kiswahili ukiwa unasoma, na mtoto aliyemo ni Mweusi anayecheza katika mji wake. *The Polar Express* cha Chris Van Allsburg, cha mwaka 1985, kina picha za ajabu lakini maneno ni mengi. Kinamfaa mtoto wa miaka minane aliyezoea Kiingereza. *How the Grinch Stole Christmas!* cha Dr. Seuss, cha mwaka 1957, kimeandikwa kwa vina. Hapo usijidanganye. Vina havitafsiriki papo kwa papo, na ukivitoa, nusu ya raha imeondoka. Kinunue ikiwa tu nyumbani Kiingereza kinasomwa kwa raha.

Lipo jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Kitabu kinachohusu sikukuu yenyewe husomwa wiki chache, halafu mtoto hukiweka kando kwa miezi kumi na moja. Kitabu kinachohusu mambo yanayotokea wakati wa sikukuu, kama safari, chakula, zawadi, wageni na kulala wengi chumba kimoja, husomwa mwaka mzima. Kwa nyumba za Waislamu hoja hii ina uzito zaidi, kwa kuwa Idi husogea nyuma takriban siku 11 kila mwaka na haifungamani na majira wala na kalenda ya maduka. Usisubiri jalada lenye mwezi na nyota. *Handa's Surprise* cha Eileen Browne, kilichotoka mwaka 1994, ni mfano mzuri. Msichana wa Kenya anambebea rafiki yake Akeyo kikapu cha matunda saba, na wanyama wanayachukua moja moja njiani bila yeye kujua. Ni hadithi ya kupeleka zawadi, na mtoto anafurahi kwa sababu anaona asichokiona Handa. Mantra Lingua wa London wamekitoa kwa Kiswahili na Kiingereza pamoja. Kwa Waswahili walioko Ulaya, Marekani na Ghuba, ambao watoto wao wanaanza kuipoteza lugha, toleo la lugha mbili linastahili kulipiwa zaidi, ili mzazi asome upande mmoja na mtoto asome mwingine.

Katika waandishi wetu, Tololwa Mollel wa Tanzania aliandika *My Rows and Piles of Coins*, kilichotoka mwaka 1999, kuhusu mvulana anayeweka akiba ya sarafu ili anunue baiskeli ya kumsaidia mama yake kubeba mazao sokoni. Sijui somo bora zaidi la pesa kwa mtoto anayepewa sarafu za sikukuu. John Kilaka, mchoraji wa mtindo wa Tingatinga, amefanya vitabu vya picha ambavyo rangi zake mtoto wa hapa anazitambua mara moja. Ukikuta kitabu chake, kinunue kwa ajili ya picha hata kama lugha si yako.

Ninachokiepuka ni vitabu vya vitufe vya kutoa sauti. Bei yake huongezwa na betri na spika, maneno huwa machache na hovyo, na betri ikiisha mtoto anadhani kitabu kimekufa. Mtoto chini ya miaka miwili mpe kurasa ngumu za kadibodi, kwa sababu atatafuna. Hapo unalipia uimara, na ni halali.

Vya bure, na gharama yake

Bure ipo, na si ya kudharauliwa. African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, na StoryWeaver ya Pratham Books ya India, hutoa hadithi za picha kwa leseni huria, nyingi kwa Kiswahili. Unaruhusiwa kupakua, kuchapa na hata kutafsiri. Gharama yako ni bando, na ukitaka karatasi, pesa ya steshenari. Kuchapa kwa rangi hupandisha gharama haraka, hivyo shauri langu ni kuchapa nyeusi na nyeupe, kubana kwa pini, na kumpa mtoto kalamu za rangi apake mwenyewe. Ubora hutofautiana sana: zipo hadithi nzuri sana na zipo tafsiri zinazoyumba. Zisome zote mwenyewe kabla ya kuzichapa. Kusomea kwenye simu kunafaa safarini, lakini nyumbani simu ina meseji na michezo, na hadithi hushindwa.

Ukiwa dukani

Fungua kitabu cha picha katikati kabisa na uangalie kilivyofungwa. Pini mbili za chuma kwenye mkunjo hudumu kuliko gundi kwenye kitabu chembamba. Inua ukurasa kwenye mwanga. Ukiona picha ya nyuma, karatasi ni nyepesi mno kwa mikono ya mtoto. Kisha soma kurasa mbili kwa sauti, palepale, bila aibu. Kiswahili kikikwama kinywani mwako dukani, kitakwama kila usiku. Mwisho, angalia kama maneno na picha vinasema vitu tofauti kidogo, kwa sababu mtoto hurudi pale picha inapomwambia siri ambayo maneno yameificha.

Kwa riwaya, soma aya ya kwanza na aya moja ya katikati, kagua namba za kurasa kama zinafuatana, na muulize muuzaji kama atakubali kuibadilisha ikiwa na kasoro.

Mgawo ninaoupendekeza

Tuseme una shilingi 40,000 za Tanzania. Nunua vitabu viwili vipya vya picha kwa Kiswahili, kwa bei ya mfano wetu shilingi 24,000. Tumia shilingi 10,000 kutafuta riwaya zilizotumika, yako na ya kijana wa nyumbani. Shilingi 6,000 zinazobaki zitumie kuchapa hadithi za bure na kununua kalamu za rangi. Riwaya mpya unayoitamani changieni watu watatu au wanne, andikeni majina yenu ndani ya jalada, na ipite kwa zamu. Mwenye shilingi 12,000 tu asihangaike kugawa. Anunue kitabu kimoja cha picha, kizuri, na akisome.

Maana hakuna bei iliyo nafuu kwa kitabu kisichosomwa. Ukishanunua, keti na mtoto siku hiyohiyo ya sikukuu, msomee, na kesho akikuletea tena kitabu kilekile, kisome tena.